Mume yuko Dodoma, cherehani ziko Tabata

Saa nne usiku nimekaa chini kwenye fremu yangu hapa Tabata Kimanga nafumua gauni. Hili gauni wiki mbili zilizopita nililimaliza, nikalipiga pasi, nikalipiga na picha, nikalikunja vizuri kwenye mfuko likaenda Dodoma na basi. Leo limerudi. Mteja alishanitumia voisi ya WhatsApp, sekunde sita tu: "Dada yangu, mkono hauingii."

Vipimo vyake ninavyo kwenye daftari tangu 2015, mkono mzunguko inchi 13, na kabla sijakata nilimuuliza kabisa, dada mwili uko vilevile? Akanijibu vilevile. Jamani. Sio vilevile, Dodoma imemkubali, kanenepa vizuri tu na sio kosa lake, kosa langu mimi niliyeacha nusu inchi ya akiba kwenye mshono kama vile namshonea mtu ninayemuona kila siku akipita hapa mlangoni. Nusu inchi ukiifumua unapata nini? Nimetafuta mabaki ya kile kitambaa chini ya meza, nimepata kipande cha kuweka kiraka cha pembe tatu kwapani, ndo nahangaika nacho sasa hivi. Kuanzia leo mteja yeyote wa Dodoma naacha inchi moja na nusu kila upande, atakayesema gauni lina manyama ndani atajua mwenyewe.

Asa hii ni nguo ya tatu kurudi mwaka huu, na kila ikirudi inanirudishia lile swali ambalo nalikimbia mwaka wa nane huu. Nihamie Dodoma au nibaki Dar.

Kwa wasionijua, mi ni fundi cherehani, nashona suti za kike za ofisini, sketi, makoti, nguo za sendofu na kitchen party. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, afisa ugavi, ofisi yenyewe siitaji. Tuna watoto wawili, Junior yuko darasa la tano na mdogo wake ana miaka minne. Na mume haishi hapa.

Stori ya serikali kuhamia Dodoma mi nimezaliwa nimeikuta. Uamuzi wenyewe ni wa 1973, enzi za TANU, na mama yangu anasema alivyoolewa miaka ya 80 kulikuwa na mzee jirani yao Temeke alishafunga mpaka mabegi, kila mwaka anaambiwa mwakani, mwakani, akastaafu, na amefia hapohapo Temeke. Kwaiyo Julai 2016 Magufuli aliposema serikali yote inahamia Dodoma kabla ya 2020 sisi tulicheka, na Baba Junior alicheka kuliko wote, alikuwa amekaa kwenye kochi anakula muhogo. Ilipofika Septemba Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshahamia, hapo muhogo ukaanza kumkwama. Mwaka uliofuata barua ikaja.

Tukakubaliana atangulie. Ndo neno tulilotumia, "we tangulia, sisi tunakuja." Mama yangu alivyosikia akakunja uso, akasema mwanangu hilo neno huwa tunalisema msibani, tafuteni lingine. Hatukutafuta lingine. Mpaka leo mtu akiniuliza shemeji yuko wapi najibu ametangulia Dodoma, nikishasema ndo nakumbuka.

Mwanzoni sababu zilikuwepo na zilikuwa za kweli. Junior alikuwa mdogo, Dodoma nyumba zilikuwa zinagombaniwa kama maji ya bomba, wakubwa wamechukua za mjini, mume akaanzia kwenye chumba kimoja Chang'ombe. (Na Dodoma kuna Chang'ombe, sio ya Temeke tu, mi mwenyewe nilichanganya.) Tukasema akipata nyumba nzuri tunaenda. Akapata, alafu mi nikawa nimeshalipia fremu mwaka mzima. Fremu ikaisha nikapata mimba. Mtoto akazaliwa, tukasema anyonye kwanza. Unaona inavyokwenda? Hakuna siku niliyowahi kusema siendi. Nilikuwa nasema bado.

Enzi zile alikuwa anakuja kwa basi, kama kilomita 450, anatoka Ijumaa mchana anafika usiku mnene, masaa nane, tisa, na ukifika Kibaha unadhani umefika kumbe foleni ndo inaanza. Alikuwa analeta zabibu kwenye boksi, maana Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na njiani zinauzwa bei ya kutupa, ila zikifika Tabata nusu yake ni juisi. Jumapili anageuza. Ukihesabu masaa aliyokaa nyumbani akiwa macho unapata jumamosi moja. Kwa mwezi alikuja mara moja, miezi mingine hakuja.

Alafu Julai 2024 treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma. Sisi kwenye hili jambo treni ilituchanganya badala ya kutusaidia. Ile ya kawaida nauli 31,000, masaa chini ya manne yuko Dar, anaangalia mahandaki kule Kilosa kama mtoto, zabibu zinafika nzima. Akaanza kuja kila wiki mbili. Nikapiga hesabu, 62,000 kwenda na kurudi, mara mbili ni 124,000 kwa mwezi, hiyo ni chini ya kodi ya fremu yangu ambayo ni 150,000. Nikamwambia unaona, sasa hakuna haja ya kuhama, Dodoma imekuwa kama Kibaha tu. Yeye akasema sasa ndo hakuna sababu ya kubaki, maana ukimkumbuka mama yako au ukitaka kitambaa Kariakoo unapanda treni asubuhi. Treni ileile, behewa lilelile, kila mtu kaipandia hoja yake. Tukaacha kubishana tukalala.

Sasa niwaambie nilichokiona kule, maana watu wanaoniandikia inbox kuhusu Dodoma wananiuliza maswali ya joto tu.

Nimeenda mara nyingi za siku mbili tatu lakini hizo hazihesabiki, unakuwa mgeni, unapelekwa Nyerere Square kupiga picha na kula kuku. Mwaka huu nimekaa mara mbili za maana, wiki tatu za likizo ya Juni na wiki moja ya Novemba, na nilienda na cherehani. Juni nilipata aibu, nilibeba madera na kanga nikijua Dodoma ni jangwa, kumbe kule ni juu, mita kama 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, na ikifika usiku wa Juni ule upepo unaingia hadi kwenye soksi. Junior alilala na sweta la baba yake. Mchana jua kali lakini ukikaa kivulini unatetemeka, mtu wa Dar hiki kitu hakielewi, kwetu kivuli na jua vyote vinatoa jasho.

Novemba ndo nikakutana na vumbi. Kule mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba hivi mpaka Aprili, kwaiyo ikifika Novemba ardhi imekauka miezi saba, inasubiri tu mtu apige chafya. Nilikuwa nashona gauni jeupe la ubarikio wa binti mmoja pale kwa mume wangu, nimekata asubuhi, nimeunga kifua, nikaenda kupika. Niliporudi saa saba kila mahali kitambaa kilipojikunja kuna mstari wa kahawia, mwembamba, kama mtu kachora na kalamu ya risasi. Madirisha nilikuwa nimefunga. Nikauliza mafundi wa pale wanafanyaje, wakanicheka, wakaniambia nyeupe inashonwa asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, na ukiinuka unafunika na shuka lenye unyevu. Aya.

Na bitana! Hii nilikuwa siijui kabisa. Hewa ya kule ni kavu mpaka bitana za poliesta zinanata mwilini, mteja anavaa sketi inapanda yenyewe, ukiivuta inalia tsi tsi tsi inatoa cheche. Dar sijawahi kuona, huku kwetu hewa ina maji mpaka sindano zikikaa mwezi zinashika kutu na satini ya maharusi masika inaota madoa kama mkate. Kwaiyo ukiniuliza mji gani mzuri kwa nguo sijui nikujibu nini. Mmoja unaozesha, mwingine unakausha.

Maji ya bomba pale kwa mume wangu yanakuja kwa zamu, siku mbili yapo siku moja hayapo, na yana chumvi, sufuria la chai likikaa wiki linakuwa jeupe ndani, sabuni haitoi povu unaisugua mpaka unakasirika. Lakini niwe mkweli, nikisema hivyo mtu wa Tabata anaweza kuninyooshea kidole akaniuliza madumu yale sita nyuma ya mlango wako ni ya mapambo? Na foleni hakuna. Yaani watu wa Dodoma wanalalamika foleni asubuhi ya kwenda Mtumba kwenye mji wa serikali, nikawatazama tu, nikasema hawa hawajawahi kukaa Buguruni saa kumi na mbili jioni mvua inanyesha.

Viwanja vimepimwa, barabara za mitaa ya kule Ilazo na Kisasa ni pana, lori linageuza. Kwetu Kimanga jeneza likitoka watu wanabinuka kwenye ukuta wa jirani. Nilimwambia mume wangu hivyo akasema we mwanamke mbona unapima barabara kwa majeneza.

Samaki ndo sitawasamehe. Kuna perege wa Mtera, watamu sawa, lakini mtu aliyekulia na kibua wa Feri akikaangiwa perege siku ya kwanza anashukuru, ya pili anashukuru, ya tatu anakumbuka kwao. Mlenda nimeuzoea mwenyewe.

Sasa yote hayo, vumbi, maji, samaki, sidhani kama ndo yamenizuia miaka minane. Hayo ndo nilikuwa nawatajia watu. Kilichonizuia nilikijua siku moja ya Juni nilipotumwa na mwanangu dukani, niko Ilazo, nimetoka na elfu mbili nikajikuta vitu vimefika elfu tatu na mia tano. Nikamwambia kijana wa duka kwa mazoea kabisa, niandikie. Akaniangalia. Akainua kidole akaonyesha karatasi imebandikwa juu ya mizani: KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. Akasema kwa upole tu, mama, kwani unakaa wapi? Nikarudisha mafuta.

Tabata hiyo karatasi ipo pia dukani kwa Mangi, tena kubwa zaidi, mi nilishaacha kuiona. Jina langu lipo kwenye daftari la Mangi tangu 2014, limehama madaftari manne. Mwaka ule Junior anaumwa usiku, hela ya teksi aliitoa Mangi, kafungua duka saa nane na bukta. Hapo nje kuna mama wa vitumbua anajua nikipita bila kusalimia nina deni la kitambaa. Kuna kikoba chetu cha jumapili, wanawake kumi na nane, nikifiwa leo turubai linafika kabla sijamaliza kulia. Hivi vitu huwezi kuvifunga kwenye boksi ukavipandisha kwenye fuso. Kule Ilazo mimi ni mama fulani aliyerudisha mafuta.

Nikamsimulia jirani wa pale, mama mmoja katokea Mbeya, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia dada, huu mtaa mzima hakuna anayemjua mwenzie, yule katoka Kinondoni, yule Moshi, yule Mtwara, wote tumekuja na makochi yetu juzi. Na kweli ukiangalia sensa, Dodoma mjini 2012 walikuwa watu 410,000 na kidogo, 2022 wakawa zaidi ya 765,000. Yaani karibu nusu ya watu walikuwa hawapo. Mwenye nyumba wake, bibi mmoja Mgogo, kabila la hapohapo Dodoma, ndo pekee mtaa mzima mwenye kwao. Alinipita akaniambia "Mbukwenyi," mi nikabaki nacheka kama zuzu sijui niitikie nini, akanifundisha, ukiambiwa mbukwenyi na wewe unasema mbukwenyi. Siku iliyofuata nikamuwahi. Akafurahi akanipa kibaba cha karanga.

Huyo mama wa Mbeya ndo aliniuliza, we si fundi? Sasa kama wote tumekuja juzi, nani ana fundi?

Nikarudi Dar na hilo swali. Nikafungua daftari la vipimo, kurasa zote, na kalamu nyekundu. Wateja wangu wa kudumu, wale wa kila baada ya miezi miwili mitatu, ni 64. Waliohamia Dodoma ni 23. Na hao 23 ndo wa suti, ndo wa hela, wengine waliobaki ni wa kupunguza sketi na kubadilisha zipu. Mi nilikuwa nadhani biashara imepungua kwa sababu ya nguo za kichina, kumbe wateja wangu wapo, wanavaa, wameshahama, wananiambia kwa voisi kwamba mkono hauingii.

Lakini na zipu zenyewe ni hoja. Hapa nikihitaji zipu ya zambarau napanda daladala moja mpaka Kariakoo, kuna mama ana meza ya zipu tu, namuonyesha kitambaa ananipa zambarau tatu nichague ipi inaingia. Dodoma nilizunguka maduka ya pale Majengo nusu siku, nikapata nyeusi, nyeupe, na moja ambayo muuzaji aliisifia kwamba "inafanana." Fundi anayejiheshimu hawezi kushona kitu kinachofanana. Nikakutana na fundi mwenzangu yuko kule tangu 2018, akaniambia yeye hahangaiki, anapiga picha kitambaa juani, anamtumia mtu wake Kariakoo, mzigo unapanda basi la usiku asubuhi anao. Nikamuuliza rangi zinatoka sawa kwenye picha? Akasema kumi ikitumwa, tisa zinatoka sawa, ya kumi unamwambia mteja ndo fasheni.

Kuna mambo mengine watu wanayaona makubwa mi nayapita. Eti "unamwachia mumeo mji wa wasomi," chuo kikuu kile na mabinti wote wale. Mashoga zangu wameniimbia huu wimbo miaka minane. Mume akitaka kupotea anapotea hata Tabata Bima hapo, hahitaji chuo kikuu. Sio hilo.

Kilichonishtua ni kingine. Novemba hiyohiyo nilifika kwake usiku, nimebeba cherehani begani, mtoto mgongoni, akafungua mlango akasema "Karibu Mama Junior, karibu sana, pole na safari." Kwa heshima kabisa, akanipokea mzigo. Nikaingia nikakaa kwenye kiti nikasubiri kuambiwa choo kiko wapi. Asubuhi nikataka kuunga chai, nikafungua kabati, chumvi iko upande ambao mi siweki chumvi, sukari kwenye kopo la maziwa lenye alama ya kalamu, majani ya chai juu kabisa kwa sababu yeye ni mrefu. Kila kitu kina mahali pake, na mahali penyewe mi sikuchagua hata kimoja. Wali anapika mzuri kunishinda sasa. Nikaanza kupanga upya yale makopo alafu nikaacha, nikaona kama nagusa vitu vya watu.

Alafu wiki mbili baadaye yeye ndo akaja huku Tabata. Nikamwambia mdogo mtu andaa sahani, baba kafika. Katoto kakavuta kigoda, kakapanda, kakafungua kabati la kioo sebuleni, kakatoa zile sahani za maua za wageni. Kakaziweka mezani moja moja, kwa adabu. Baba yake akaniangalia. Hatukusema kitu, tukala kwenye sahani za maua.

Usiku huo ndo tulikaa na kalamu.

Nyumba ya Ilazo, vyumba viwili na sebule, dalali anasema 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo 1,800,000, na dalali anataka mwezi wake mmoja, jumla 2,100,000 kabla hujaweka hata ndoo ndani. Alipo sasa analipa 120,000, ni vyumba viwili vya ua wa kuchangia, na mi siwezi kuweka wateja wa suti kwenye ua wa kuchangia, mtu anavua blauzi unampima kifua huku jirani anaosha vyombo. Sebule ya Ilazo ina mlango wake wa nje, hiyo inaweza kuwa ofisi bila kulipia fremu. Shule, Junior akihama aanze darasa la sita Januari, maana akifika la saba mtihani uko Septemba, kumhamisha katikati ya kusajiliwa ni kumtafutia mtoto presha. Kwaiyo ni Januari hii au ni baada ya miaka miwili. Tulivyoandika hivyo kwenye karatasi tukaona ile "bado" yetu imeishiwa nafasi.

Fremu ya Tabata hatuiachi, angalau mpaka Juni. Nina binti ananisaidia mwaka wa nne sasa, kukata anajua, makola bado yanamkimbia ila anayakamata. Nimemwambia nitamuachia cherehani moja ya umeme na ile ya kukanyaga, mi nachukua moja ya umeme na overloki. Akauliza, kwani na wateja tunagawana? Nikamwambia wa kupunguza sketi wote wako. Alicheka lakini nimeona jana kabeba daftari la vipimo anahamishia majina kwenye daftari lake, bila kuambiwa. Mangi nimeenda kumlipa deni lote, 47,500, nikidhani ndo ustaarabu wa anayeondoka. Akachukua hela, akakata jina kwa rula, akanitazama kama nimemtukana.

Mama ndo nilimuogopa. Ana presha na sukari, yuko Mbagala, kila mwezi nampeleka kliniki, dada yangu yuko Songea. Nikaenda na maembe, nikazunguka mbuyu weee, nikaanza na habari za treni, masaa mangapi, nauli kiasi gani, kwamba tarehe ya kliniki nitakuwepo kila mwezi. Akaniacha nimalize. Akasema, "Mwanangu, nenda kwa mumeo. Mimi wa kwangu ametangulia kweli." Alafu akaniuliza kama Dodoma kuna ukwaju mzuri, nimletee.

Kwaiyo inaonekana naenda. Naandika inaonekana kwa sababu hela ya nyumba bado ipo kwenye simu yangu, haijatoka, na mi ni yuleyule aliyesema bado mara saba. Leo mchana nimempigia mwenye nyumba, maana kuna kitu dalali alikuwa anakizungukazunguka kila nikimuuliza. Nikamwambia mzee shikamoo, akaitikia, nikamwambia mi kazi yangu ni cherehani za umeme na pasi kuanzia asubuhi mpaka usiku, sasa naomba nijue, luku ni ya kwangu peke yangu au nachangia na nyumba ya nyuma? Akakohoa. Akasema mama we njoo tu, hayo mambo ya luku tutaongea ukishafika.

Nikamwambia mzee wangu, hapana. Jumamosi Baba Junior anakuja hapo na tochi. Aione mita kwanza.